Matawi kwenye Koha: ya kupanga kabla kaunta haijafunguliwa

Anayefungua ukurasa wa matawi kwenye Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendesha maktaba, kwa mara ya kwanza huona fomu ya kawaida: jina, anwani, simu, barua pepe. Huijaza haraka na kuendelea na kazi anazoziona nzito zaidi. Matatizo hujitokeza miezi kadhaa baadaye, na hayaji yakisema yametoka kwenye fomu ile. Huja kama faini isiyoeleweka, kama mhadhiri aliyepewa siku 7 badala ya 60, au kama kitabu ambacho katalogi inasema kiko safarini kutoka Mbeya ilhali mkutubi wa Morogoro amekishika mkononi.

Koha ilitengenezwa tangu mwanzo kwa maktaba yenye matawi. Ilianza kazi Januari 2000 huko Horowhenua, New Zealand, kwa ajili ya miji midogo ya Levin, Foxton na Shannon. Ndiyo maana karibu kila uamuzi wake huanza kwa kuuliza ni tawi gani, na jibu halipatikani mahali pamoja. Katika tendo moja la kuazimisha kuna matawi manne: tawi mama la kitabu, tawi ambako kitabu kipo sasa, tawi alikoandikishwa msomaji, na tawi ambalo mkutubi ameingia nalo kwenye mfumo. Siku nyingi yote manne huwa ni lilelile, na hitilafu za mipangilio hubaki zimejificha. Siku yanapotofautiana, Koha hufuata uliloiambia ifuate, na kama hukuiambia kitu, hufuata ililokuja nalo.

Uamuzi wa kwanza hauhitaji hata kompyuta: lipi ni tawi na lipi ni rafu tu? Kipimo tunachotumia ni hiki. Tawi ni mahali penye kaunta yake, siku zake za kufungua na watu wake, na ambapo kitabu kikitakiwa kwingine lazima kipandishwe gari. Vingine vyote ni mahali pa rafu: chumba cha marejeo, ghorofa ya pili, kabati la tasnifu, meza ya akiba fupi. Hivyo huandikwa kwenye "Authorized values" (orodha za maneno yanayoruhusiwa kwenye mfumo), kundi la LOC. Mkusanyo wenye sura yake, kwa mfano vitabu vya Afrika Mashariki au vya sheria, huwekwa kwenye kundi la CCODE. Katika rekodi ya nakala, sehemu ya 952 ambako Koha huweka maelezo ya kila nakala, tawi mama hukaa kijisehemu $a, tawi lilipo sasa $b, rafu $c, mkusanyo $8 na aina ya nakala $y.

Wapo wanaopenda kuigeuza kila idara kuwa tawi ili takwimu zitoke zimetenganishwa. Takwimu unaweza kuzitenganisha kwa rafu au kwa mkusanyo bila usumbufu wowote, ila kila tawi unaloongeza linadai kalenda yake, huenda na kanuni zake, na linafungua mlango wa uhamisho. Chumba cha marejeo kikiwa tawi, kitabu chake kikirudishwa kaunta ya chini Koha itaandika uhamisho na kutaka karatasi ichapishwe kwa safari ya kupanda ngazi moja. Mkutubi atakipeleka juu kwa mkono na hatakumbuka kukipokea kwenye mfumo. Msomaji atakayekitafuta ataambiwa kiko njiani, na kitaendelea kuwa njiani mpaka mtu akiskani.

Ukishajua matawi yako ni mangapi, nenda "Administration", kisha "Libraries". Sehemu ya kutulia nayo ni msimbo wa tawi. Hauzidi herufi 10, hauna nafasi katikati, na ukishahifadhi, ukurasa hautakuruhusu kuubadili. Jina la tawi unaweza kulibadili kila mwaka ukipenda, msimbo hapana. Kwa hiyo usiweke ndani yake kitu kinachobadilika, kama jina la jengo au la mfadhili, wala kifupi cha taasisi ambayo inazungumziwa kuunganishwa na nyingine. MOR kwa Morogoro na MBY kwa Mbeya vinatosha. Andika herufi kubwa kila mahali, na ubandike orodha ya misimbo karibu na anayeandaa jedwali la kuingiza vitabu kwa mkupuo. Nakala ikija na msimbo ambao haumo kwenye orodha ya matawi, hifadhidata haitaipokea. Rekodi ya kitabu itaingia bila nakala, na utaanza kujiuliza kwa nini vitabu 3,000 vimeingia lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuazimishwa.

Kwenye fomu hiyo barua pepe ina uzito kuliko anwani ya posta. Taarifa za kukumbusha na za kuchelewa hutoka kwa barua pepe ya tawi, na ukiiacha wazi Koha hutumia ile ya KohaAdminEmailAddress. Matawi madogo mengi hutumia anwani ya bure ya Gmail au Yahoo. Ukiiweka hiyo kama anwani ya mtumaji huku barua zinatoka kwenye seva ya chuo, seva za wapokeaji huona barua inayodai kutoka Yahoo lakini haikutumwa na Yahoo, na huikataa au kuitupa kwenye taka. Sehemu ya barua pepe iwekwe anwani ya kikoa cha taasisi, na ile ya bure wanayoifungua kila siku iende kwenye "Reply-To". Msomaji akijibu, jibu litawafikia palepale.

Kuna pia swali kama tawi ni mahali pa kuchukulia vitabu vilivyoombwa. Kama umeweka tawi kwa ajili ya ghala au ofisi ya kuchakata vitabu, jibu hapana. Usipofanya hivyo, msomaji ataliona kwenye orodha ya mtandaoni, atalichagua kwa kuwa liko juu kialfabeti, na kitabu chake kitakwenda kumsubiri mahali asiporuhusiwa kuingia.

Sasa yale matawi manne. Mchukue mkutubi aliyeandikishwa Mbeya ambaye ameletwa Morogoro kusaidia wiki ya mitihani. Anaingia kwenye mfumo, anaacha chaguo la tawi kama lilivyo, yaani "My library", na Koha inamweka Mbeya. Mbele yake kuna rundo la vitabu vya Morogoro vilivyorudishwa. Anaskani cha kwanza. Koha inaandika kwamba kitabu sasa kipo Mbeya, inakiona si cha Mbeya, na inafungua uhamisho wa kukirudisha Morogoro. Kisanduku kinatokea kumwambia akirudishe Morogoro. Kwa kuwa yuko Morogoro kweli, anaona ujumbe ni sahihi, anabonyeza OK na kuendelea na cha pili. Jioni rundo lote liko rafuni, na kwenye katalogi lote liko barabarani.

Dawa yake ni nyepesi: badilisha tawi kwa "Set library" kona ya juu kulia, halafu skani tena vitabu vilevile kwenye "Check in". Uhamisho utafungwa kwa kuwa vimefika. Kinga ndiyo ngumu kidogo. Jina la tawi uliloingia nalo linaonekana juu ya ukurasa muda wote, lakini jicho likishalizoea halilioni. Kwa wafanyakazi wasiohama, ondoa ruhusa ya loggedinlibrary ili wasiweze kubadili tawi kabisa. Kwa wanaohama, wabadilishie tawi kwenye akaunti zao kabla hawajasafiri.

Vitabu vilivyopotea kwa namna hii hupatikana kwa ripoti fupi ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ambayo inafaa kuendeshwa kila Ijumaa:

SELECT barcode, homebranch, holdingbranch, itemcallnumber FROM items WHERE homebranch != holdingbranch AND onloan IS NULL ORDER BY holdingbranch;

Inaorodhesha kila nakala ambayo haijaazimwa na haiko kwao. Chache zitakuwa njiani kweli. Zilizobaki, nenda na orodha rafuni ukazitazame. Pamoja na hiyo, fungua ukurasa wa "Transfers to receive" kwenye kila tawi. Uhamisho uliopita siku zilizowekwa kwenye TransfersMaxDaysWarning, ambazo kwa kawaida ni 3, huonyeshwa kwa alama ya tahadhari. Kama basi la vifurushi kati ya miji yenu huenda mara moja kwa wiki, ongeza namba hiyo hadi 8 au 9, la sivyo kila kitu kitakuwa na tahadhari na hakuna atakayeijali.

Kanuni za uazimishaji ndizo huchosha watu kuliko vyote. Zipo kwenye "Circulation and fines rules", na juu ya ukurasa unachagua tawi au matawi yote. Kila kanuni hubeba mambo matatu: tawi, kundi la msomaji, aina ya nakala. Koha hutafuta kanuni mahususi zaidi, lakini tawi ndilo lenye nguvu kwanza, kisha kundi la msomaji, kisha aina ya nakala. Hapo ndipo mtego ulipo. Umeweka kwenye matawi yote kwamba mhadhiri apewe siku 60. Msimamizi wa Mbeya anakuja kuongeza kwa tawi lake kanuni moja ya haraka: makundi yote, aina zote, siku 7. Kuanzia dakika hiyo mhadhiri wa Mbeya anapata siku 7. Kanuni ya siku 60 inamtaja kwa kundi lake, lakini ni ya matawi yote, na kanuni yoyote ya tawi huishinda ya matawi yote hata kama ile ya tawi haimtaji mtu.

Ushauri wetu ni kuweka kanuni zote kwenye matawi yote na kuyaacha matawi matupu kadiri inavyowezekana. Tawi likihitaji tofauti, iandikwe kwa wembamba: Mbeya, makundi yote, aina ya akiba fupi, na basi. Likihitaji tofauti nyingi, usiongeze moja moja. Nakili seti nzima ya kanuni za matawi yote kwenda kwenye tawi hilo kwa kutumia chaguo la "Clone", kisha uzirekebishe zikiwa kamili. Kumbuka tu kwamba kunakili hufuta kanuni zilizokuwepo kwenye tawi linalopokea.

Lakini tawi lipi kati ya yale manne ndilo huamua kanuni? Hilo liko kwenye mpangilio unaoitwa CircControl, na una majibu matatu: tawi ambalo mkutubi ameingia nalo kwenye mfumo, tawi la msomaji, au tawi la kitabu. Koha huja na la tatu, na hapo HomeOrHoldingBranch huamua kama "la kitabu" maana yake ni tawi mama au kilipo sasa. Uchaguzi huu haugusi siku za mkopo peke yake. Kalenda inayotumika kupanga tarehe ya kurudisha hufuata tawi hilohilo, na hesabu ya faini vilevile. Kwa chuo kimoja chenye kampasi, napendelea tawi mlikoingia, kwa sababu mkutubi anaweza kumweleza msomaji kanuni zilizobandikwa kwenye ukuta ulio nyuma yake. Kwa mtandao wa taasisi tofauti zinazotumia seva moja, tawi la kitabu ni haki zaidi: mwenye kitabu ndiye asemaye kiazimwe siku ngapi. Lolote mtakalochagua, msilibadilishe katikati ya muhula, maana mikopo iliyo mikononi mwa watu ilipangwa kwa hesabu ya zamani na itatozwa faini kwa hesabu mpya.

Kalenda iko "Tools", kisha "Calendar", na kila tawi lina yake. Bonyeza siku kwenye mwezi na uchague aina: siku hiyo tu, kila wiki, kila mwaka tarehe ileile, au kipindi. Jumapili huwekwa mara moja kama ya kila wiki. Kwa Tanzania, tarehe kama 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba na 9 Desemba huwekwa za kila mwaka. Idi na Pasaka usiziweke hivyo hata kidogo. Idi husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na ukiiweka ya kudumu, mwaka unaofuata utakuwa na sikukuu ambayo haipo na siku ya Idi ambayo maktaba "imefunguliwa". Kwa kuwa mwezi huandama au usiandame, tunaweka siku mbili kama kipindi, kisha tunafuta moja tangazo likitoka. Kuna kisanduku cha kunakili kwa matawi yote. Kitumie kwa sikukuu za taifa, usikitumie kwa siku ya kuhesabu vitabu ya tawi moja.

Mpangilio wa useDaysMode ndio huamua kalenda inatumikaje. Ukiambia mfumo uruke siku zote zilizofungwa, mkopo wa siku 14 ulioanza Jumatatu, Jumapili zikiwa zimefungwa, utaisha Jumatano, siku ya 16. Ukiuambia usogeze tarehe ya mwisho tu, utaisha Jumatatu, siku ya 14, na ingesogea mbele endapo tu siku hiyo ingekuwa ya kufungwa. Faini nazo zina mpangilio wao, finesCalendar, na huwa unasahauliwa: siku ya kurudisha inaruka Jumapili huku faini zinaihesabu. Vilevile, serikali ikitangaza mapumziko ya ghafla, kuyaongeza kwenye kalenda hakusogezi tarehe za mikopo iliyokwisha kutolewa. Tumia chombo cha "Batch extend due dates" kuisogeza.

Kitabu kikirudishwa tawi lisilo lake kinakwenda wapi? Kwenye ukurasa uleule wa kanuni, chini, kuna sera ya kurudisha: kirudi nyumbani, kirudi kilikoazimishwa, au kibaki kilipo. Kubaki kilipo huokoa nauli na huvutia sana pale ambapo usafiri kati ya matawi ni wa kubahatisha. Ubaya wake huonekana baada ya mihula miwili: vitabu vinavyopendwa hurundikana kwenye tawi lenye wasomaji wengi, na la pembeni hubaki na vile visivyoombwa. Ukichagua njia hiyo, iwekee aina fulani tu, kwa mfano riwaya, na vitabu vya kiada virudi kwao.

Mipangilio miwili inahitaji kuguswa kwa tahadhari. IndependentBranches huwafungia wafanyakazi wa tawi wasiguse wasomaji wala nakala za tawi jingine, isipokuwa wenye ruhusa zote. Unafaa kwa taasisi zisizohusiana zinazochangia seva. Kwa matawi ya maktaba moja ni adha tupu, na mwongozo wa Koha wenyewe unataka uamuliwe kabla ya kuanza kazi na usibadilishwe tena. Wa pili ni AutoLocation, ambao kwenye matoleo ya karibuni unaitwa StaffLoginRestrictLibraryByIP. Huu huruhusu kuingia kwenye tawi kutoka anwani ya IP (namba inayotambulisha kompyuta au ruta mtandaoni) iliyoandikwa kwenye fomu yake peke yake. Watu huandika 192.168.1.* kwa kuwa ndiyo wanayoiona kwenye kompyuta zao. Kama seva iko nje ya jengo, haioni anwani hiyo. Inaona ya nje, ya ruta. Tawi linalotumia modemu ya kampuni ya simu hubadilishiwa anwani hiyo mara kwa mara, kwa hiyo asubuhi moja wataamka wamefungiwa nje. Kama kuna seva nyingine inayopokea maombi mbele ya Koha, bila koha_trusted_proxies kwenye koha-conf.xml matawi yote yataonekana yana anwani moja. Na msimamizi akijifungia mwenyewe, atoke kupitia seva:

sudo koha-mysql jina_la_maktaba

UPDATE systempreferences SET value = '0' WHERE variable = 'AutoLocation';

Kisha awashe upya memcached na Plack, programu za seva zinazohifadhi mipangilio na kuendesha kurasa za Koha, maana thamani ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu. Kwenye toleo jipya, jina la mpangilio ndani ya amri hiyo nalo libadilishwe.

Kabla ya kufungua kaunta, fanya jaribio kwa kitabu kimoja na msomaji mmoja wa majaribio. Kitabu cha Morogoro, msomaji wa Mbeya. Kiazimishe ukiwa Morogoro na uandike tarehe iliyotoka. Kirudishe ukiwa Mbeya, angalia ujumbe, uone kama uhamisho umefunguliwa, kisha kipokee Morogoro. Mwombe msomaji akiombe kitabu mtandaoni na utazame matawi anayopewa kuchagua. Fanya yote kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu mwenye ruhusa zote hupita mahali ambapo wengine watazuiwa.

Siku tawi likifungwa kweli, usikimbilie kulifuta. Koha itakataa alimradi kuna nakala au wasomaji wanaolitumia, na hata likikubali kufutika, takwimu za miaka iliyopita zitabaki na msimbo usio na jina. Hamisha nakala kwa "Batch item modification", kwa mafungu yasiyozidi 1,000 kama hujabadili kikomo, ukibadilisha tawi mama na lilipo sasa kwa pamoja. Hamisha wasomaji kwa "Batch patron modification", na usiwasahau wafanyakazi. Funga uhamisho ulio wazi na maombi yanayosubiri kuchukuliwa. Kisha lizime kama mahali pa kuchukulia vitabu, liondoe kwenye orodha ya umma ikiwa toleo lenu lina chaguo hilo, na uongeze neno "Limefungwa" na mwaka mwishoni mwa jina lake.